Kufunga mwamba wa pweza: mwongozo kamili kwa kijiji kinachoanza

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kamati iliyofunga mwamba, yaani iliyozuia watu wote kuvua pweza hapo kwa muda, tulifanya karibu kila kitu sawasawa. Tulikaa mikutano, tukapata muhuri, tukaweka maboya, vijana wakalinda miezi mitatu bila kuchoka. Siku ya kufungua pweza walitoka wakubwa, wengine mtu anawaburuza kwa mikono miwili. Kufikia saa saba mchana tulikuwa na rundo juu ya turubai, mzani mmoja, mnunuzi mmoja, na barafu ya kujaza sanduku moja. Mnunuzi alitazama rundo, akatazama jua, akashusha bei. Tukauza. Kina mama waliokuwa wamekaa miezi mitatu bila kukanyaga mwamba ule wakaondoka na pesa wanayoipata bamvua yoyote ya kawaida, yaani siku zozote zile ambazo maji hukupwa sana. Kikao kilichofuata, cha kupanga kufunga tena, hawakuja.

Kwa hiyo mambo yote hapa chini nimeyapanga nikiitazama siku ile moja ya kufungua. Nimeandika kwa ajili ya vijiji na shehia za pwani ya Tanzania, Zanzibar na Kenya, ambako watu wanachokoa pweza kwa miguu maji yakikupwa na wengine wanawazamia kwa miwani.

Kwanza mjueni pweza mwenyewe

Pweza anayevuliwa sana kwenye miamba yetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, haishi miaka mingi. Umri wake ni kama mwaka mmoja na ushei. Katika muda huo mfupi anakua kwa kasi ambayo samaki wengi wa mwambani hawaifikii: pweza mdogo mkimwacha mwezi mmoja au miwili, anaweza kuongeza uzito maradufu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Anaingia shimoni, anaziba mlango kwa mawe, anatundika mayai kwa maelfu mengi kwenye dari la shimo, kisha anayaatamia na kuyapulizia maji kwa wiki kadhaa bila kula. Mayai yakianguliwa, yeye hufa.

Hapo ndipo penye hoja yote ya kufunga. Changu au chewa ukimfungia mwamba, utasubiri miaka kabla hujaona tofauti, na kijiji chenye njaa hakisubiri miaka. Pweza anajibu ndani ya miezi miwili mitatu. Ndiyo sababu vijiji vingi vilivyotaka kujifunza kusimamia bahari yao vilianza naye.

Mfano unaotajwa sana ni wa Madagaska. Kijiji cha Andavadoaka cha Wavezo, jamii ya wavuvi wa pwani, kusini magharibi mwa kisiwa, kilifunga mwamba wake mmoja mwaka 2004, wakaufungua mwaka uliofuata. Vijiji jirani vikaiga. Utafiti uliotazama ufungaji 36 wa eneo hilo ulikuta kwamba katika mwezi wa baada ya kufungua, mavuno ya pweza kwenye miamba iliyofungwa yalipanda kwa zaidi ya asilimia 700, na alichopata mvuvi mmoja kwa siku kilikaribia kuongezeka mara mbili. Zitazameni hizo tarakimu mbili pamoja. Mavuno ya jumla yalipanda sana kuliko fungu la kila mtu, kwa sababu siku ya kufungua watu wanakuja wengi. Mkiwaambia wanakijiji asilimia 700 mkanyamaza hapo, mtakuwa mmewadanganya, nao watalijua siku hiyo hiyo.

Kisiwa cha Rodrigues, upande wa Morisi, kilikwenda mbali zaidi: tangu 2012 pweza wa kisiwa kizima hufungwa kwa miezi miwili kila mwaka. Hatua kama hiyo huhitaji serikali. Kijiji kimoja anzeni na mwamba mmoja.

Kuchagua mwamba

Msichague mwamba ofisini kwenye ramani. Subirini bamvua, nendeni wenyewe maji yakiwa yamekauka, na watangulizeni wale wanaouvua kwa miguu. Nilitembea na bibi mmoja aliyeuchokoa mwamba wetu tangu utotoni. Alikuwa hatazami chini kama sisi, miguu ndiyo inayojua. Anasimama, anaonyesha kwa ncha ya nondo: hapa mlangoni pana magamba mapya ya kaa, mwenyewe yumo, pale mawe yamepangwa lakini yameota ukijani, amehama, huku mlango umezibwa kabisa, huyo analea, mwacheni. Kwa saa mbili tulihesabu mashimo mengi kuliko afisa yeyote angeyahesabu kwa wiki, na mipaka tuliyoiandika baadaye ilifuata majina aliyoyataja yeye: fungu la fulani, mlango wa mkondo, jiwe la ngalawa.

Mwamba unaofaa kuanzia una sifa hizi. Unaonekana kutoka kijijini, kwa maana mlinzi akikaa kivulini anauona. Mipaka yake watu wanaijua tayari bila kuchorewa. Una mashimo na una pweza, ingawa wamepungua. Mwamba uliovunjwavunjwa kwa baruti ukawa kifusi hautarudi kwa miezi mitatu. Zaidi ya yote, si mwamba pekee ambao watu wanautegemea. Mkifunga robo au theluthi ya eneo mnalovua, watu wana pa kwenda. Mkifunga mwamba ulio karibu na nyumba, ambao wazee na wajawazito ndio wanaoufikia, mkawaachia wenye ngalawa miamba ya mbali, mtakuwa mmewafungia maskini na kuwafungulia wenye vyombo. Hilo limetokea mahali pengi, tena kwa nia njema kabisa.

Muulizeni jirani pia. Miamba mingi inavuliwa na vijiji viwili au vitatu, na mpaka wa kijiji kule baharini kila mtu anaujua kwa namna yake. Bila kijiji cha pili kukubali, kufunga kwenu kutakuwa kuwatunzia wao.

Mikutano, na watu ambao hawaitwi

Mkutano mmoja hautoshi. Pangeni angalau minne, midogo kabla ya mkubwa.

Wa kwanza uwe wa wachokoaji wa miguu peke yao, ambao sehemu nyingi ni wanawake. Ufanyeni saa wanayoweza, maana asubuhi ya bamvua wako mwambani na jioni wako jikoni. Kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya wenye vyombo na wazee wa msikiti, wengi wao watanyamaza na ninyi mtaandika "wamekubali". Kwenye kikao chao wenyewe watasema. Sisi tulichelewa kuelewa hilo. Mama mmoja alituuliza, kwa sauti ya chini kabisa: "Mkishafunga, mwezi huo mimi nile nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na swali lake likawa msingi wa mpango mzima wa mara ya pili.

Wa pili uwe wa wazamiaji na wenye vyombo. Wa tatu uwe wa wanunuzi. Katika pwani yetu mnunuzi mara nyingi ndiye tajiri: ametoa mkopo wa miwani, wa mashine, wa mchele wakati wa kusi, ule msimu wa upepo mkali wa kusini, naye analipwa kwa pweza. Mdaiwa akiambiwa na kijiji asivue na akaambiwa na tajiri alete mzigo, atakwenda usiku. Zungumzeni na tajiri mapema asimamishe madai ya mwamba huo kwa miezi mitatu. Anayo sababu ya kukubali, kwa kuwa pweza wa kilo mbili humpa bei nzuri kiwandani kuliko wanne wa nusu kilo.

Wa nne uwe wa wageni wa dago. Wavuvi wa dago huhama na msimu, wanapiga kambi mwezi au miwili kisha wanaondoka. Mila yetu ina utaratibu wa mgeni kujitambulisha kwa wenyeji kabla ya kutia chombo majini, basi utumieni. Akija mgeni, mwenyeji wake amweleze mwamba uliofungwa siku ile ile, na jina la mwenyeji liandikwe. Mgeni akikosea, mwenyeji aulizwe.

Baada ya hapo ndipo mkutano mkuu. Pale ni kupiga kura, kuandika mahudhurio na kusaini. Hoja nzito ziwe zimekwisha kwenye vikao vidogo.

Karatasi

Sehemu hii inachosha, ila doria bila karatasi itageuka ugomvi wa vijana baharini, na mtu akijeruhiwa kamati ndiyo itakayofikishwa mahakamani.

Tanzania Bara, mnasimama juu ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, inayotambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo kila mtu anaviita BMU, kwa kifupi cha Kiingereza Beach Management Unit. BMU hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, na sheria ndogo zinapita kwenye kata hadi halmashauri ya wilaya. Zanzibar, pitieni kwa sheha na Kamati ya Wavuvi ya Shehia, kisha idara inayohusika na uvuvi, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2010. Kenya mna BMU pia, kwa kanuni za 2007, na Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya 2016. Kama mwamba wenu umo ndani ya hifadhi iliyotangazwa, kwa mfano Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa 1995 au Ghuba ya Menai kule Unguja, basi wenye hifadhi ni sehemu ya makubaliano tangu siku ya kwanza.

Kanuni zenu ziingie kwenye ukurasa mmoja: jina la mwamba na mipaka yake, tarehe ya kufunga na ya kufungua, nani haruhusiwi (mtu yeyote, hata mwenyekiti), nini kinaruhusiwa (kupita na chombo, kwa mfano, au kuvua kwa mshipi nje ya mpaka), faini, na nani anayeipokea. Faini msiiweke kubwa mno. Nimeona faini ya kutisha ambayo haijawahi kulipwa hata mara moja, kwa sababu kila aliyekamatwa alikuwa mtoto wa mtu na kamati iliona aibu kumfilisi. Afadhali faini anayoweza kuilipa wiki ile ile, pamoja na kunyang'anywa pweza na vifaa.

Kuhesabu tarehe kwa mwezi

Hapa kalenda ya ukutani iwekeni pembeni, mhesabu kwa mwezi wa angani. Bamvua kubwa huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na tena siku moja mbili baada ya mwezi mpevu. Katika pwani yetu, siku hizo maji hukauka kabisa kwenye saa nne na saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Maji mafu, yaani siku za kati ya bamvua ambazo maji hukupwa kidogo tu, hayafichui mwamba. Kufungua kwenye maji mafu ni kumkabidhi mzamiaji mwamba mzima wakati mchokoaji wa miguu amesimama ufukweni.

Kwa hiyo chagueni kwanza siku ya kufungua. Iwe bamvua, asubuhi, siku ambayo mnunuzi anaweza kufika na barafu. Isiwe Ijumaa, wala katikati ya Ramadhani, maana kutembea mwambani juani ukiwa umefunga ni adhabu. Ikiwezekana iangukie kabla ya wakati wa matumizi makubwa, kama sare za shule au Idi. Halafu hesabuni kurudi nyuma. Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89. Hapo ndipo pa kufungia.

Wengine hupenda miezi miwili, wengine minne. Mimi naona mitatu inatosha kwa kijiji kinachoanza. Ikizidi hapo, pweza waliokwisha kukomaa wanataga na kufa, na watu wanaanza kuchoka. Zingatieni na upepo: mkifunga katikati ya kusi, bahari chafu inawasaidia kulinda, lakini msifungue kwenye wimbi ambalo ngalawa ya doria haithubutu kutoka.

Na lile swali la mama: mwezi huo nile nini? Jibu lisipopatikana, msifunge. Miamba mingine ibaki wazi. Wenye mwani waendelee na mwani wao. Kijiji kimoja nilichotembelea kilikubaliana kuwa chama cha kuweka na kukopa kiwape wachokoaji mkopo mdogo usio na riba, unaolipwa siku ya kufungua pale pale mzanini. Ulilipwa wote.

Pimeni kabla ya kufunga

Mkisahau hatua hii, baada ya kufungua mtabishana hadi kiama. Bamvua mbili za kabla ya kufunga, mwekeni mtu mmoja mwenye daftari na mzani pale dikoni, wanaposhukia wavuvi. Kila mvuvi anayerudi kutoka mwamba ule aandikwe: tarehe, miguu au miwani, saa ngapi alivua, pweza wangapi, kilo ngapi, aliuza bei gani. Jina si lazima; namba inatosha, na wapo wasiopenda jina lao liandikwe karibu na pesa.

Tuseme siku moja wamerudi watu 20 na kilo 46 jumla. Hiyo ni kilo 2.3 kwa mtu. Pweza walikuwa 58, kwa hiyo kila mmoja ana wastani wa kama gramu 790. Tarakimu hizo mbili, kilo kwa mtu na uzito wa pweza mmoja, ndizo mtakazozilinganisha siku ya kufungua. Mkipima jumla peke yake mtadanganyika na wingi wa watu, kama nilivyosema juu ya Madagaska.

Daftari aandike mtu anayeaminika na pande zote. Msichana wa kidato cha nne anayesubiri matokeo ameifanya kazi hii kwetu vizuri kuliko katibu.

Alama na doria

Maboya manne ya pembe yanatosha. Madumu ya plastiki yaliyopakwa rangi yanaonekana na hayaibiwi sana kama maboya mazuri ya dukani. Nanga ziwe mifuko ya mchanga au zege, zishushwe kwenye mchanga, si juu ya matumbawe. Wekeni bango dikoni, na watangazieni watu msikitini na kwenye vilabu vya kahawa.

Doria nyingi hushindwa kwa kulinda saa zisizo na kazi. Mwizi wa pweza anaijua bamvua kama ninyi. Siku za maji mafu mlinzi mmoja ufukweni anatosha. Siku za bamvua, wekeni watu saa tatu asubuhi hadi saa saba, na tena saa tatu usiku hadi saa saba usiku, maana usiku maji yamekauka vilevile na kurunzi inaonekana mbali. Kwa mwezi mzima siku za kazi nzito hazizidi kumi na mbili hivi. Pangeni zamu kwa vitongoji, wawili wawili wasio ndugu. Walipeni chochote, hata kama ni nauli, sabuni na chai. Kujitolea kavu hudumu mwezi mmoja.

Doria haipigi mtu. Inaandika saa, inapiga picha kwa simu, inataja jina mbele ya shahidi, inarudi. Mwenye baruti au sumu msimkabili nyinyi. Pigeni simu polisi na afisa uvuvi. Na wa kwanza kukamatwa, kwa uzoefu wangu, atakuwa jamaa wa mjumbe wa kamati. Jinsi mtakavyomtoza huyo ndivyo kijiji kitakavyopima kanuni zote zilizobaki. Mtozeni hadharani, asubuhi ya pili, na risiti.

Siku ya kufungua

Sasa turudi kwenye lile turubai.

Wiki mbili kabla, fanyeni hesabu ya barafu. Tuseme mnatazamia watu 60, kila mmoja kilo nne: ni kilo 240. Pweza kwenye jua letu anataka karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo yake. Kwa hiyo mnahitaji kilo 240 za barafu na masanduku ya kuziweka, tayari saa nne asubuhi. Waiteni wanunuzi wawili au watatu, kila mmoja aandike bei yake kwa daraja la uzito siku tatu kabla. Bei iliyoandikwa inatundikwa dikoni. Hapo hakuna wa kutazama jua akapunguza. Mizani iwe miwili, na kila mmoja upimwe kwa jiwe la kilo moja mbele ya watu.

Asubuhi yenyewe, watu wote wasimame mstari mmoja ufukweni. Kwetu mara ya pili tulianza na dua fupi ya mzee, kisha mwenyekiti akapuliza filimbi. Wachokoaji wa miguu waingie kwanza na wapewe saa mbili peke yao. Wazamiaji waingie baadaye, na wabaki upande wa kina kirefu. Watanung'unika. Wakumbusheni kwamba wao wana siku zote za maji mafu, mwenye miguu ana bamvua tu.

Mambo matatu yasimamiwe mwambani, na wasimamizi wawe wachokoaji wenyewe waliovaa kitambaa cha rangi moja. Hakuna kupindua mawe wala kuvunja matumbawe kumfuata pweza. Atoke kwa nondo na subira, au abaki. Mlango uliozibwa kwa mawe, yaani mama anayeatamia, hauguswi. Na pweza mdogo anarudishwa pale pale akiwa hai. Tanzania Bara kipimo cha chini ni gramu 500, na mkono wa mchokoaji mzoefu unaujua uzito huo bila mzani. Pweza mdogo akifika mzanini ameshakufa, kwa hiyo kumkatalia pale hakumsaidii yeye. Kunasaidia tu kama mnunuzi naye amekubali hatamnunua, ili kesho asivuliwe mwenzake.

Pale mzanini, mstari mmoja unaoanza kwa mwandishi wa daftari na kuishia kwa mlipaji. Mtu anapimiwa, anasomewa kilo kwa sauti, analipwa taslimu au kwa simu hapo hapo, anakatwa ada ya kamati. Ada iwe kiasi kidogo kwa kilo kilichokubaliwa kwenye mkutano mkuu, siyo siku ile. Hiyo ndiyo italipa doria ijayo, mafuta na madumu. Mnunuzi naye anaweza kuchangia kwa kila kilo. Ombeni, wengi hukubali wakiombwa mapema.

Waliokuja kutoka vijiji vingine? Amueni kabla. Sisi tuliruhusu kijiji jirani kilicholinda pamoja nasi, na wengine wote wakasubiri siku ya tatu. Ufunguzi wa kwanza wa Andavadoaka uliwavutia watu wengi wa nje waliokuwa hawakuufunga, na sehemu kubwa ya faida ikaondoka upesi. Ikiwa mwamba ni mdogo, fikirieni kufungua siku tatu tu za bamvua, kufunga tena siku za maji mafu, na kufungua siku tatu nyingine bamvua inayofuata. Pweza waliobaki wanapata pumzi, bei haianguki kwa wingi wa siku moja, na aliyekuwa mgonjwa siku ya kwanza anapata zamu.

Pesa za kamati

Jioni ile ile, kabla watu hawajalala, andikeni kwenye karatasi kubwa: watu wangapi waliingia, kilo ngapi, wastani wa pweza mmoja kabla na sasa, ada kiasi gani, iko kwa nani. Bandikeni dikoni. Mkisubiri wiki, uvumi utakuwa umeshaandika hesabu yake. Pesa zikae kwenye akaunti au kwenye sanduku la funguo tatu, ufunguo mmoja ukiwa kwa mwanamke mchokoaji, na kila matumizi yasomwe mkutanoni kwa risiti. Kamati nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjwa na mafuta ya boti ambayo hakuna aliyeweza kusema yalikwenda wapi.

Baada ya hapo

Endeleeni kupima kwa daftari bamvua mbili zinazofuata. Kwa kawaida mtaona siku ya kwanza imepanda sana, ya tatu imeshuka, na bamvua ya pili inakaribia hali ya zamani. Hilo ni la kawaida, ila linawaambia kitu: kufunga mara moja kumewapa mavuno ya siku chache. Mkifunga mara mbili kwa mwaka, na mkabakiza kipande kidogo cha mwamba bila kukifungua kamwe, hapo ndipo majike wanapata pa kutagia mwaka mzima. Kipande hicho mkichague na wale wale wachokoaji, kwenye mashimo wanayoyajua kuwa ni ya kulelea.

Itisheni kikao cha tathmini ndani ya siku saba za kufungua, na mara hii kiwe kwanza cha kina mama. Waulizeni mambo manne: ulipata kilo ngapi, uliuza bei gani, nini kilikukera, na tufunge tena lini. Tarehe ya kufunga tena iandikwe kabla kikao hakijafungwa, kwa siku za mwezi, pamoja na jina la atakayetafuta barafu.

Kwetu jina hilo liliandikwa la yule mama aliyeuliza atakula nini. Aliagiza kilo mia tatu. Zilibaki kama kilo thelathini, watoto wakazila njia nzima.